Istilahi za Uchanganuzi wa Matangazo ya Kidijitali: Siku Moja ya Mtarajali Mbinga

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala hii ni kueleza dhana zinazotumika katika kazi ya kuchanganua matangazo ya biashara yanayopitishwa kwenye intaneti, na kupendekeza istilahi za Kiswahili za dhana hizo pale ambapo lugha bado inasitasita. Kazi yenyewe ni changa. Tangazo la kwanza la aina ya bango ambalo msomaji aliweza kulibofya lilitolewa Marekani tarehe 27 Oktoba 1994, katika jarida la intaneti lililoitwa HotWired, na mwenye tangazo hilo alikuwa kampuni ya simu ya AT&T. Waya wa kwanza wa baharini uliounganisha pwani ya Afrika Mashariki na intaneti ya kasi, yaani SEACOM, ulianza kazi Julai 2009. Haishangazi basi kwamba maneno ya kazi hii yameingia kwetu kwa haraka kuliko uwezo wetu wa kuyachuja.

Ili maelezo yasielee hewani, tutamfuata kijana mmoja katika siku yake ya kazi. Kijana huyu ni wa mfano, na tarakimu zake ni za mfano. Lakini kazi anayoifanya ndiyo inayofanywa. Tumweke Mbinga mjini, katika Mkoa wa Ruvuma, kwenye ofisi ndogo inayowasaidia wakulima na wavuvi kutafuta soko. Amepewa tangazo moja la kushughulikia. Ni tangazo la kikundi cha akina mama wa Mbamba Bay, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, ambao hukausha usipa, huufunga katika pakiti safi na kuuza kwa wateja wa mijini. Tangazo limekaa siku 7 na limegharimu shilingi 48,000. Jioni atapaswa kumpigia simu mwenyekiti wa kikundi na kumweleza kama fedha hizo zimefanya kazi au zimepotea. Swali hilo ni la biashara, lakini tutaona kwamba jibu lake linategemea sana lugha.

2. Jina la mfanyakazi na jina la kazi

Kwanza, kijana huyu aitwe nani? Maneno manne yanashindana. Wanafunzi wenyewe husema "niko fildi", wakimaanisha kwamba chuo kimewatuma kazini kwa muda. Neno "mwanagenzi" ni la zamani na lina heshima yake, lakini maana yake ya msingi ni mtu anayejifunza ufundi kwa kukaa na fundi, mathamani useremala au uashi. "Mkurufunzi" ni mwanafunzi aliye katika mafunzo ya kazi, na masikio mengi hulichanganya na "mkufunzi", ambaye ni mwalimu wake. Neno la nne ni "mtarajali", ambalo limezoeleka kwanza hospitalini katika usemi "madaktari tarajali", na ambalo msikilizaji hulihusisha mara moja na kitenzi "tarajia". Huyu ni mtu aliyekwisha kuhitimu au anayekaribia kuhitimu, ambaye anatarajiwa kuishika kazi. Kwa kuwa maneno yote manne yanaeleza hali zinazotofautiana, hapana haja ya kuua lolote. Yafaa tu "mwanagenzi" abaki kwa fundi, na "mtarajali" atumike kwa mhitimu aliye ofisini. Ndivyo tutakavyotumia hapa.

Pili, anafanya "uchambuzi" au "uchanganuzi"? Katika maandishi mengi maneno haya hutumika kama pacha. Lakini vitenzi vyake vina asili mbalimbali. "Kuchambua" ni kuondoa kisichotakiwa ili kibaki kinachotakiwa: mtu huchambua pamba, huchambua karafuu, na mkulima wa Umatengo huchambua buni ili mbovu zitengwe na nzima. "Kuchanganua" kumetokana na "changanya" kwa kiambishi cha kutendua, kile kile kilicho katika "funga" na "fungua". Maana yake ni kutenganisha vilivyochanganyika ili kila kimoja kionekane peke yake, bila kutupa chochote. Mtarajali wetu anafanya yote mawili, lakini kwa mfuatano. Asubuhi huchambua: huondoa hesabu zilizorudiwa na zile zilizotokana na mashine badala ya watu. Kisha huchanganua: hutenganisha siku na siku, mahali na mahali, neno na neno. Jina la kazi kwa ujumla na liwe "uchanganuzi", na "uchambuzi" lihifadhiwe kwa ile hatua ya usafishaji.

Tatu, aliyelipia tangazo aitwe nani? Neno la karibu ni "mtangazaji". Lakini tangu enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam mtangazaji ni yule anayesoma habari na kuongoza vipindi. Sentensi "mtangazaji alilipa shilingi 48,000" itamfanya msomaji afikirie mtu wa redio. Tunapendekeza "mwenye tangazo", ambalo ni wazi na halihitaji kufundishwa.

3. Asubuhi: mwonekano, akaunti na mbofyo

Mtarajali anapofungua kompyuta saa 2 asubuhi anakuta jedwali lenye tarakimu tatu kubwa: 12,000, 3,000 na 240. Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote katika kazi yake, kwa sababu kila tarakimu inahesabu kitu cha aina yake.

Tarakimu ya kwanza, 12,000, ni idadi ya mara ambazo tangazo liliwekwa mbele ya kioo cha simu au kompyuta. Wengine huita "impresheni", wengine "onyesho". Neno "onyesho" lina kasoro, kwani "maonyesho" tayari ni Sabasaba na Nanenane. Tunapendekeza "mwonekano", wingi "mionekano". Sababu yetu ni ya kisarufi. Kitenzi "onwa" kinadai kwamba yupo mtu aliyeona. Kitenzi "onekana" hakidai hivyo. Kinasema tu kwamba kitu kimekuwa katika hali ya kuweza kuonwa. Mlima waonekana kutoka Mbinga hata kama hapana anayeutazama. Na hivyo hasa ndivyo mashine inavyojua: inajua kwamba tangazo lilikuwa kiooni, haijui kama jicho lilikuwa hapo. Baraza la Marekani linalokagua vipimo vya vyombo vya habari liliweka mwaka 2014 kanuni kwamba tangazo la picha lihesabiwe kuwa liliweza kuonwa ikiwa angalau nusu ya eneo lake lilikuwa kiooni kwa sekunde 1 mfululizo, na tangazo la video kwa sekunde 2. Sekunde moja ni muda wa kidole kupita. Mfasiri anayeandika "tangazo lilitazamwa mara 12,000" ameahidi jambo ambalo mashine haikuahidi.

Tarakimu ya pili, 3,000, mara nyingi hufasiriwa "watu waliofikiwa". Hapa pia yatakiwa tahadhari. Mashine haihesabu watu. Huhesabu akaunti au vifaa, na pengine hukadiria tu. Katika kijiji cha mwambao simu moja yaweza kupita mikono ya watu watano waliokaa chini ya mwembe, nayo ikahesabiwa moja. Mtu mmoja mwenye simu mbili na akaunti mbili huhesabiwa wawili. Kwa hiyo istilahi iliyo salama ni "akaunti zilizofikiwa". Ukigawanya 12,000 kwa 3,000 unapata 4, nayo ndiyo "wastani wa marudio", yaani kila akaunti ilikutana na tangazo mara 4 kwa wastani.

Tarakimu ya tatu, 240, ni idadi ya mara ambazo tangazo lilibofywa. Kitenzi "bofya" ni mfano mzuri wa istilahi iliyopatikana bila kuomba nje. Kwa asili, mtu hubofya embe: hulibinya kidogo kwa kidole ili ajue kama limeiva. Kubonyeza kwaweza kuacha kovu, lakini kubofya ni kujaribu. Anayebofya tangazo naye anajaribu. Hajanunua, anataka kujua kama lina kitu. Nomino yake ni "mbofyo", wingi "mibofyo". Neno "kliki" linasikika mitaani, nasi hatuna ugomvi nalo katika mazungumzo, ila halina sababu ya kuingia katika maandishi rasmi wakati "mbofyo" lipo na lina maana iliyo bora.

4. Saa na tarehe

Kufikia saa 4 asubuhi mtarajali anataka kujua ni wakati gani tangazo lilibofywa zaidi. Jedwali linamwonyesha kwamba kilele kilikuwa saa iliyoandikwa 20:00. Hapa mfasiri wa Kiswahili hukutana na mtego ambao mwenzake wa lugha nyingi nyingine haujui.

Mashine huanza kuhesabu siku usiku wa manane. Sisi huhesabu mchana kuanzia macheo na usiku kuanzia machweo. Kwa hiyo 20:00 ni saa 2 usiku. Anayeandika "saa 20" ameandika kitu kisichosemwa na Mswahili yeyote. Na anayeiona kama 8 ya usiku kwa desturi ya Waingereza, kisha akaandika "saa 8 usiku", amekosea kwa muda wa saa 6. Hilo si kosa la karatasi tu. Kikundi kikielekezwa kulipia tangazo la saa 8 usiku, kitalipia saa ambayo wateja wake wa Songea na Dar es Salaam wamelala fofofo.

Kanuni rahisi ni hii. Kwa saa za mashine kuanzia 7 hadi 18, ondoa 6. Kuanzia 19 hadi 24, ondoa 18. Kuanzia 1 hadi 6, ongeza 6. Hivyo 07:00 ni saa 1 asubuhi, 18:00 ni saa 12 jioni, 20:00 ni saa 2 usiku, na 03:00 ni saa 9 usiku. Kabla ya kutumia kanuni hiyo, mtarajali ahakikishe kwamba akaunti imewekewa saa za Afrika Mashariki, ambazo ziko saa 3 mbele ya zile za Greenwich.

Tarehe nazo zina mtego wake. Kwa desturi ya zamani ya Waswahili, usiku hutangulia mchana wake, ndiyo maana husemwa "usiku wa kuamkia Jumanne". Kwa mashine, saa zote za usiku huo kabla ya saa 6 ni za Jumatatu, na zinazofuata ni za Jumanne. Katika ripoti yafaa mwandishi aandike "Jumatatu saa 2 usiku", wala asiandike "usiku wa Jumanne", kwa kuwa wasomaji wawili watalielewa kwa namna mbili.

5. Adhuhuri: uwiano, gharama na mnada

Baada ya kuhesabu, mtarajali hulinganisha. Mibofyo 240 kwa mionekano 12,000 ni asilimia 2. Kipimo hiki tukiite "uwiano wa mibofyo". Lakini mibofyo hiyo hiyo 240 kwa akaunti 3,000 ni asilimia 8. Tarakimu zote mbili ni sahihi, na mwenye nia mbaya anaweza kuchagua ile inayompendeza. Kwa hiyo neno "asilimia" lisiachwe peke yake kamwe, lazima lifuatwe na jibu la swali "ya nini?".

Aidha, uwiano ukipanda kutoka asilimia 1 hadi asilimia 2, mmoja atasema umepanda kwa asilimia 100, maana umekuwa maradufu, na mwingine atasema umepanda kwa asilimia 1. Wote wanasema kweli, lakini msomaji atachanganyikiwa. Tunapendekeza tofauti ya moja kwa moja baina ya asilimia mbili iitwe "nukta ya asilimia". Hivyo tutaandika kwamba uwiano umepanda kwa nukta 1 ya asilimia, na neno "asilimia" peke yake litabaki kwa ongezeko la kulinganisha.

Gharama nazo hupimwa kwa njia kadhaa. Shilingi 48,000 kwa mibofyo 240 ni shilingi 200 kwa kila mbofyo. Kwa mionekano, desturi ya kazi hii ni kuhesabu kwa elfu elfu: hapa ni shilingi 4,000 kwa kila mionekano elfu moja. Istilahi "gharama kwa elfu" inatosha, kwa mfano ule ule wa "asilimia", ambayo nayo ni hesabu ya kwa kila mia.

Bei hizi hazipangwi na karani. Nafasi ya tangazo huuzwa kwa mnada, na mnada huo huisha kabla mtu hajapepesa jicho, wakati ukurasa unafunguka. Neno "mnada" halihitaji kuelezwa kwa mtu wa Mbinga, ambako kahawa ya arabika imekuwa zao la biashara kwa vizazi kadhaa na ambako mkulima anajua kwamba bei hufuata mnunuzi na daraja. Vivyo hivyo neno "dau" latosha kwa kiasi ambacho mwenye tangazo yuko tayari kulipa. Tofauti moja yafaa ielezwe. Katika mnada wa matangazo wa Google, mathalani, dau kubwa peke yake halishindi. Huangaliwa pia ubora wa tangazo na jinsi linavyohusiana na kile ambacho mtu anakitafuta. Kwa hiyo "mshindi wa mnada" si lazima awe "mwenye dau kubwa", na mfasiri asiyafanye maneno hayo kuwa sawa.

6. Alasiri: usipa au dagaa?

Alasiri mtarajali hupitia "maneno ya utafutaji", yaani maneno ambayo watu waliyaandika wakitafuta kitu, na ambayo yaliwafikisha kwenye tangazo. Hapa lugha huacha kuwa vazi la kazi na kuwa kazi yenyewe.

Akina mama wa Mbamba Bay waliandika "usipa", kwa sababu ndivyo samaki huyu anavyoitwa ziwani. Mteja wa Dar es Salaam anayemtaka samaki huyo huyo huenda akaandika "dagaa wa Nyasa", au "dagaa" tu. Lakini "dagaa" ni jina la ukoo mpana wa matumizi. Dagaa wa Ziwa Viktoria, wa Ziwa Tanganyika na usipa wa Nyasa ni samaki wa spishi tofauti, ingawa wote ni wadogo, wa fedha, na huanikwa juani. Tangazo lililofungiwa katika neno "usipa" halitawafikia wateja wengi wa bara na pwani. Tangazo lililofunguliwa kwa neno "dagaa" litabofywa na watu wanaotafuta dagaa wa Mwanza, na kila mbofyo wao utagharimu shilingi 200 bila kuuza pakiti.

Zaidi ya hayo, neno "usipa" halikomei kwetu. Ng'ambo ya ziwa, nchini Malawi, samaki huyu huitwa kwa jina hilo hilo. Tangazo lisilowekewa mipaka ya mahali laweza kuonekana kwa mtu ambaye hawezi kununua kwa shilingi. Na jina la ziwa lenyewe hutofautiana: sisi husema Nyasa, Wamalawi husema Malawi, na Msumbiji huandikwa Niassa. Kwa hiyo mtarajali anahitaji istilahi mbili zaidi: "neno lengwa", ambalo mwenye tangazo analichagua ili limletee wateja, na "neno la kuzuia", ambalo analiweka ili tangazo lisijitokeze mtu anapoliandika. Hapa "dagaa wa Nyasa" litakuwa neno lengwa, na "Mwanza" litakuwa neno la kuzuia. Walimu wa isimu watatambua kwamba hii ni kazi ya visawe, lahaja na uga wa maana. Tofauti ni kwamba hapa kosa la kisawe hulipiwa kwa fedha taslimu.

Jambo lililo karibu na hilo ni majina ya mahali. Wilaya ya Nyasa, yenye makao makuu Mbamba Bay, ilimegwa kutoka Wilaya ya Mbinga mwaka 2012. Orodha ya mahali iliyotungwa kabla ya hapo itaiweka Mbamba Bay chini ya Mbinga. Anayelinganisha takwimu za zamani na za sasa bila kuliangalia hilo ataona wateja "wamehama" kutoka milimani kwenda ziwani, kumbe kilichohama ni mpaka.

7. Taarifa binafsi

Kabla ya kufunga kazi, mtarajali hukuta orodha ya namba za simu za watu walioagiza. Yafaa azishike kwa adabu, na sheria inamtaka hivyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo imetupa faida ya lugha pia, kwa kuthibitisha istilahi "taarifa binafsi" na kuwatofautisha "mkusanyaji" na "mchakataji". Katika mfano wetu kikundi cha akina mama ndicho kilichokusanya namba kwa ajili ya biashara yake, na ofisi ya Mbinga inazichakata kwa niaba yake. Neno "ridhaa" nalo lina uzito wake hapa. Mtu aliyeacha namba yake ili aletewe usipa hajaridhia kutumiwa matangazo ya mabati.

Kuna pia kile kijifaili ambacho tovuti huacha katika simu ya mgeni ili imtambue akirudi. Jina lake lililozoeleka ni "kidakuzi", na msikilizaji hulihusisha bila shida na "udaku". Hili ni neno lenye onyo ndani yake, jambo ambalo istilahi chache hulifanikisha.

8. Jioni: ripoti

Sasa tufike kwenye jambo kuu. Kati ya waliobofya, 24 waliagiza pakiti. Kitendo hiki, ambacho tangazo lilitolewa ili kikipate, kina jina katika lugha za wenzetu linalofanana na lile la mtu kubadili dini. Mfasiri wa haraka aweza kuandika "uongofu". Katika mkoa wenye misheni kongwe kama Peramiho na Liuli, mwenyekiti wa kikundi akiambiwa kwamba tangazo lake limeleta "waongofu 24" atafikiri ameungana na wahubiri. Tunapendekeza "tendo lengwa", wingi "matendo lengwa". Watafsiri wanalijua umbo hili katika "lugha lengwa", na linafaa kwa kununua, kujiandikisha, kupiga simu, au lolote lile ambalo mwenye tangazo alilikusudia.

Sasa hesabu inakamilika. Shilingi 48,000 kwa matendo lengwa 24 ni shilingi 2,000 kwa kila pakiti iliyoagizwa. Tuseme faida ya kikundi kwa pakiti moja, kabla ya gharama ya tangazo, ni shilingi 1,500. Pakiti 24 zimeleta shilingi 36,000. Tangazo limekula shilingi 48,000. Kikundi kimepata hasara ya shilingi 12,000.

Tulinganishe ripoti mbili za jambo hili moja. Ya kwanza yaandika: "Tangazo limetazamwa na watu 12,000 na mafanikio ni makubwa." Ya pili yaandika: "Tangazo limeonekana mara 12,000 kwenye akaunti 3,000. Limebofywa mara 240 na kuleta maagizo 24. Kila agizo limegharimu shilingi 2,000, ambazo zinazidi faida kwa shilingi 500. Mibofyo mingi ilitokana na neno 'dagaa' peke yake. Tunashauri tangazo lisirudiwe kabla ya kubadili maneno." Tarakimu za ripoti ya kwanza zimetoka katika jedwali lile lile. Aliyeiandika hakusudii udanganyifu; amekosa tu neno la kutofautisha mara na mtu, kuonekana na kuonwa. Lakini kikundi kitakachoisikia kitachanga tena shilingi 48,000, na fedha hizo zimetoka katika usipa ulioanikwa kwa mikono.

Saa 10 jioni mtarajali anapiga simu. "Shikamoo, mama mwenyekiti." "Marahaba, mwanangu. Habari za huko Mbinga?" Baada ya salamu anaanza na tarakimu kubwa: tangazo limeonekana mara 12,000. Mama ananyamaza kidogo, kisha anauliza: "Walionunua ni wangapi?" Mama huyu hakusoma istilahi hata moja, lakini ameuliza swali ambalo uchanganuzi wote huu upo ili ulijibu. Istilahi nzuri ni ile itakayomwezesha kijana kumjibu bila kujificha nyuma ya neno asilolielewa mama, wala yeye mwenyewe.

9. Orodha ya istilahi zilizopendekezwa

Akaunti zilizofikiwa: idadi ya akaunti au vifaa ambavyo tangazo lilitokea angalau mara moja. Isiandikwe "watu".

Dau: kiasi ambacho mwenye tangazo yuko tayari kulipa katika mnada wa nafasi.

Gharama kwa elfu: fedha zinazolipwa kwa kila mionekano elfu moja.

Kidakuzi: kijifaili kinachoachwa na tovuti katika kifaa cha mgeni ili kumtambua.

Marudio: wastani wa mionekano kwa kila akaunti iliyofikiwa.

Mbofyo (mi-): tendo moja la kubofya tangazo.

Mtarajali (wa-): mhitimu au mwanafunzi aliye kazini kwa muda ili apate uzoefu.

Mwenye tangazo: mtu au chombo kinacholipia tangazo.

Mwonekano (mi-): mara moja ya tangazo kuwa kiooni katika hali ya kuweza kuonwa.

Neno la kuzuia: neno ambalo likiandikwa na mtafutaji, tangazo halitokei.

Neno lengwa: neno ambalo likiandikwa na mtafutaji, tangazo huweza kutokea.

Nukta ya asilimia: tofauti ya moja kwa moja baina ya asilimia mbili.

Tendo lengwa (ma-): kitendo cha mteja kilichokusudiwa na tangazo.

Uchambuzi: usafishaji wa hesabu kwa kuondoa zisizofaa.

Uchanganuzi: utenganishaji wa hesabu ili kila sehemu ieleweke.

Uwiano wa mibofyo: mibofyo ikigawanywa kwa mionekano, ikaandikwa kwa asilimia.

10. Hitimisho

Tangu Sheria Na. 27 ya mwaka 1967 ilipounda Baraza la Kiswahili la Taifa, kazi ya istilahi imekuwa ikifuata njia inayojulikana: kutazama kwanza katika Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha za jirani zilizo jamaa yake, na ndipo kukopa kutoka mbali. Orodha iliyo hapo juu inaonyesha kwamba hatua ya kwanza bado ina mengi ya kutoa. "Bofya" lilikuwa kwenye embe, "chambua" lilikuwa kwenye buni na karafuu, "dau" lilikuwa mnadani, na kiambishi cha "onekana" kilikuwa kinatusubiri katika sarufi. Maneno kama "data", "kompyuta", "akaunti" na "intaneti" tumekopa, nayo yamekaa vizuri; hatuna sababu ya kuyafukuza.

Mapendekezo haya hayajasanifishwa, na hayana budi kupimwa na watumiaji. Tunawaomba watafsiri wayajaribu katika kazi zao, walimu wayapeleke darasani, na watumishi wa serikali wanaopokea ripoti za namna hii wawaulize waandishi wake swali moja kila wanapokutana na tarakimu kubwa: hii ni idadi ya nini? Wenye maneno bora kuliko haya, hasa yale yanayosikika tayari sokoni, bandarini na katika vyama vya ushirika, wanakaribishwa wayalete ili yajadiliwe.